Betri Inasingiziwa: Kwa Nini Pikipiki Kuukuu za Kilangali Hazishiki Chaji

*Dereva ananunua betri, miezi miwili baadaye amerudi palepale. Mita ndogo ya umeme, ambayo bei yake haifiki ya betri mpya, ingemwonyesha mapema kuwa ugonjwa uko kwingine.*

Na Mwandishi Wetu, Kilosa

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kijiweni Kilangali. Dereva anabonyeza kitufe cha stata; pikipiki inatoa mlio mmoja mkavu, kisha kimya. Anapiga kiki mara tatu, mara nne, ndipo injini inakubali. Taa ya mbele inang'aa anapovuta mafuta, inazama anapoachia. Honi imekauka sauti. Mama aliyeketi nyuma na ndoo yake ya mbogamboga anashuka, anahamia pikipiki ya jirani.

Kinachofuata kinajulikana katika kila kijiwe cha wilaya hii. Dereva anaivuta pikipiki hadi kwa fundi chini ya mwembe. Fundi anagusanisha waya mbili, anatazama cheche, anatoa hukumu: betri imekufa, nunua nyingine. Betri mpya inafungwa, pikipiki inawaka kwa kugusa tu, kila mtu anafurahi. Baada ya wiki kadhaa mlio ule mkavu umerudi.

Betri zinakufa kweli, hilo halina ubishi. Zinazeeka, zinakaukiwa maji, bamba zake zinamomonyoka. Lakini betri ya tatu ndani ya mwaka mmoja haijafa kwa uzee. Kuna kitu kinaiua, na kitu hicho bado kimo ndani ya pikipiki.

MPUNGA, TOPE NA MAGURUDUMU MAWILI

Kilangali ni kata ya wilaya ya Kilosa, mkoani Morogoro, katika Jimbo la Mikumi. Sifa yake ni mpunga. Wakala wa Mbegu za Kilimo, ASA, una shamba la mbegu hapahapa, na majaruba ya wakulima wadogo yameenea kwenye tambarare inayoshika maji. Kilosa inayajua maji hayo vizuri: mafuriko ya mwisho wa mwaka 2009 na mwanzo wa 2010 yaliharibu reli na kuwaacha maelfu ya watu bila makazi.

Katika nchi ya namna hii pikipiki si anasa. Inatoa gunia jarubani, inampeleka mjamzito zahanati, inamfikisha bwana shamba kwa mkulima. Pale barabara ya kuelekea Kilosa mjini au Mikumi inapogeuka tope, pikipiki ndiyo ya mwisho kukwama.

Zinazotembea hapa ni za kila umri. Zipo Boxer na TVS kutoka India, zipo za Kichina kama SanLG na Toyo, na zipo Honda na Yamaha za siku nyingi zilizoachwa na miradi na idara za serikali, zikauzwa kwa mnada, zikapita mikononi mwa watu watano au sita. Nyingi ya zile za Kichina ni nakala za Honda CG125, pikipiki iliyoanza kuuzwa mwaka 1976 ikiwa imekusudiwa hasa nchi ambazo matunzo ni ya shida na mizigo ni mizito. Injini zake ni ngumu kweli. Nyaya zake ndizo zisizovumilia kila jambo.

Na kila masika nyaya hizo zinaoga. Maji ya tope yanaingia kwenye soketi za plastiki chini ya kiti na chini ya tangi, yanakauka, yanaacha kutu ya kijani kwenye shaba. Msimu mmoja hautoshi kuleta madhara. Baada ya misimu mitano umeme unaanza kupotea njiani.

UMEME UNATOKA WAPI

Ukifungua kava la injini, kwa kawaida la upande wa kushoto, utakuta gurudumu la chuma lenye sumaku. Linazunguka pamoja na injini, na ndani yake zimekaa koili za waya wa shaba. Sumaku zikipita mbele ya koili, umeme unazaliwa. Lakini ni umeme unaogeuka mwelekeo kila mara, kama ule wa TANESCO, na betri haiwezi kuupokea hivyo.

Hapo ndipo inapoingia rektifaya, kile kisanduku cha alumini chenye mapezi. Kazi zake ni mbili: kuunyoosha umeme uende upande mmoja, na kuuzuia usipande kupita kiasi. Katika pikipiki nyingi ndogo umeme wa ziada unateremshwa kwenye bodi na kugeuka joto. Kwa sababu hiyo kisanduku kina mapezi, kinapaswa kufungwa imara kwenye chuma cha fremu, na hakitakiwi kuvikwa tope wala kuning'inizwa kwa kamba ya mpira, jambo ambalo ukichungulia chini ya matangi utaliona mara nyingi.

■ Koili inazalisha, rektifaya inanyoosha, betri inatunza. Fundi anayeanza kwa kuuza betri ameanzia mwisho wa mnyororo.

Jambo moja linawachanganya wengi. Pikipiki za aina ya CG huwa na koili ya pekee inayolisha CDI, yaani kifaa cha kutoa moto wa plagi. Kwa hiyo zinawaka kwa kiki hata betri ikiwa haipo kabisa. Dereva anaweza kuzunguka mwezi mzima bila betri akidhani amekwepa gharama. Zipo nyingine ambazo CDI yake inakula umeme wa betri. Hizo betri ikilala, nayo pikipiki imelala, upige kiki mpaka jioni. Fundi anapaswa kujua ni ipi iliyo mbele yake kabla ya kushika spana.

NAMBA MBILI ZA KWANZA

Mita ya kidijiti inawekwa kwenye volti za umeme wa moja kwa moja, kipimo cha 20. Waya mwekundu kwenye chanya ya betri, mweusi kwenye hasi. Injini iwe imezimwa kwa saa kadhaa. Betri ya volti 12 iliyo nzima na iliyojaa inasoma kati ya 12.6 na 12.8. Ikisoma 12.2 imebaki kama nusu. Chini ya 12 imekwisha, na ikiachwa hivyo siku nyingi bamba zake zinaganda chumvi ambayo haitoki tena.

Kisha injini iwashwe na ivutwe mafuta hadi mwendo wa kati. Namba inapaswa kupanda na kutulia karibu na 13.5 hadi 14.5. Ikikaa palepale 12.3, au ikishuka, chaji haifiki kwenye betri. Ikipita 15, rektifaya imeshindwa kuzuia: betri itachemka, maji yatakauka, balbu zitaungua moja baada ya nyingine. Wamiliki wengi wanaolalamikia balbu feki wangeanza na kipimo hiki.

Honda, Suzuki na Yamaha nyingi za zamani hutumia volti 6. Kwa hizo betri iliyojaa inasoma juu kidogo ya 6.3, na inapochajiwa namba inapaswa kukaribia 7 au kuivuka kidogo. Kuna pikipiki za mnada zilizofungwa betri ya volti 12 kwenye mfumo wa volti 6 kwa sababu ndiyo iliyopatikana dukani. Betri hiyo haitajaa hata siku moja.

Tahadhari ipo moja. Kipimo cha injini ikinguruma hakiaminiki kama betri yenyewe ina chumba kilichopiga shoti. Itaivuta namba chini hata kama koili na rektifaya ni nzima. Kwa hiyo betri ichajiwe kwanza nje ya pikipiki, polepole. Kanuni ya mafundi ni sehemu moja ya kumi ya ukubwa wake: betri ya ampea-saa 5 ipewe nusu ampea, kwa saa kumi au zaidi kidogo. Kuiunganisha moja kwa moja na paneli ya sola isiyo na kidhibiti ni kuikaanga, kwa kuwa paneli inayoitwa ya volti 12 hutoa volti 18 na zaidi jua likiwa kali.

Na maji ya kuongeza ni yale yaliyosafishwa, yanayouzwa kwa ajili ya betri. Maji ya kisima yana chumvi. Asidi nayo haiongezwi tena baada ya ile ya kwanza, hata kama duka linaiuza kwa chupa.

KUCHOMOA BETRI INJINI IKIWAKA

Hapa ndipo mafundi wanapogawanyika. Wengi waliojifunzia kazini wana kipimo chao: washa injini, chomoa waya wa betri, sikiliza. Injini ikiendelea kunguruma, chaji ipo; ikizimika, chaji hakuna.

Kipimo hicho kina asili yake. Kilitumika kwenye magari ya dinamo za zamani, na mwanafunzi alikirithi kwa mwalimu wake bila kuuliza. Kwenye pikipiki ya CG hakisemi chochote, kwa sababu moto wa plagi unatoka kwenye koili yake yenyewe. Injini itaendelea kuwaka hata kama betri haijapata chaji tangu mwaka jana. Kibaya zaidi, betri ndiyo inayoumeza mruko wa umeme. Ikichomolewa injini ikiwa katika mwendo, volti zinaruka ghafla na zinaweza kuondoka na balbu, rektifaya, hata CDI kwenye zile zinazotegemea betri.

Watetezi wa kipimo hiki wana hoja ambayo mwandishi huyu haidharau: mita zinaharibika, betri zake zinaisha, na mteja hataki kungoja. Kazi ya fundi wa kijijini ni kumrudisha mtu barabarani kabla ya jua kuzama. Lakini kipimo kinachounguza kifaa huku kikitoa jibu lisilo na maana hakiokoi muda wa mtu yeyote.

Upande wa pili nao una kosa lake, na linatokea hasa kwa vijana waliojifunza kupitia video za pikipiki kubwa. Pikipiki hizo zina waya tatu za koili, mara nyingi za njano, na sheria yake ni kwamba hakuna waya wowote kati ya hizo unaoruhusiwa kugusana na bodi. Kijana anaipeleka sheria hiyo kwenye pikipiki ndogo, anapima, anakuta koili imegusana na bodi, anaihukumu kuwa imeungua. Kumbe katika pikipiki nyingi ndogo ncha moja ya koili imefungwa kwenye bodi tangu kiwandani! Koili nzima inatupwa, inaletwa nyingine, tatizo linabaki.

■ Koili inayogusa bodi ni mbovu kwenye pikipiki kubwa. Kwenye ndogo nyingi, ndivyo ilivyoundwa.

Namna salama ni kuipima ikiwa kazini. Chomoa soketi inayotoka kwenye koili, weka mita kwenye volti za umeme unaogeuka, washa injini, vuta mafuta. Penye waya tatu, pima jozi zote, zinapaswa kulingana. Penye koili iliyofungwa kwenye bodi, pima kati ya waya na bodi. Namba inapaswa kupanda kadiri injini inavyokwenda kasi. Ikipanda vizuri, koili ni nzima, na mshukiwa ni rektifaya au njia ya kuifikia. Isipopanda, fungua kava na unuse: vanishi iliyoungua ina harufu yake, na shaba inakuwa nyeusi.

Koili iliyoungua inaweza kusukwa upya na mafundi wanaosuka mota mjini. Ni kazi nzuri ikifanywa kwa waya wa unene uleule na idadi ileile ya mizunguko. Ikifanywa kwa kukisia, taa zitafifia daima. Na anayelitoa gurudumu la sumaku kwa nyundo badala ya pula anaweza kuzipasua sumaku, kisha akalaumu koili.

KABLA YA KUNUNUA CHOCHOTE

Kabla ya rektifaya mpya, kabla ya koili mpya, kuna kazi isiyo na risiti: kufungua soketi moja moja, kuzisugua, kuzikausha, kuzifunga. Soketi ya plastiki iliyogeuka kahawia imepata joto, na joto hilo ni umeme uliokusudiwa kwenda kwenye betri.

Waya wa bodi ndio unaosahauliwa kuliko zote. Washa injini na taa, weka ncha moja ya mita kwenye hasi ya betri na nyingine kwenye chuma kitupu cha injini. Namba inapaswa kuwa karibu na sifuri. Ikivuka 0.3, waya huo una kutu au boliti imelegea. Msasa kidogo na boliti iliyokazwa vimeokoa betri nyingi, na kazi yenyewe ni ya dakika chache.

Rektifaya ikithibitika kuwa mbovu, hatari inahamia dukani. Rektifaya mbili zinaweza kufanana umbo na soketi huku mpangilio wa waya ukitofautiana. Katika pikipiki za mtindo wa Honda kijani ni bodi, nyekundu ni betri, nyeupe ni koili ya chaji na njano ni ya taa. Watengenezaji wengine wana rangi zao. Kuichomeka kwa sababu imeingia ni kamari. Zile za bandia nazo mara nyingi ni nyepesi, mapezi machache, na zinashindwa na joto.

MBWEMBWE ZINAZOKULA CHAJI

Kisha kuna mapambo. Taa mbili za spoti, taa za rangi chini ya tangi, redio yenye spika, honi ya lori, kichajio cha simu. Kwa dereva hivi ni biashara: abiria wa usiku anachagua pikipiki yenye mwanga, na simu ikizima hapati wateja.

Koili haijui biashara. Taa ya mbele peke yake, ya wati 35, inakula karibu ampea 3. Mfumo wa pikipiki ndogo ulipigiwa hesabu ya taa hiyo, taa ya nyuma, indiketa na honi, basi. Kinachozidi kinatoka kwenye akiba ya betri. Na vifaa vilivyounganishwa bila kupitia swichi ya funguo vinaendelea kula usiku: kinachokula nusu ampea kinamaliza betri ya ampea-saa 5 kwa saa kumi, yaani kati ya kulala na kuamka.

Kukipata ni rahisi. Zima funguo, chomoa hasi ya betri, ipitishe mita ya ampea kati ya hasi na waya wake. Pikipiki ya kawaida ya aina hii haipaswi kula chochote cha kuonekana. Ikila, chomoa mapambo moja moja hadi namba ianguke.

Usalama nao umo humu. Katika pikipiki nyingi za zamani taa ya mbele inalishwa moja kwa moja na koili. Dereva akipunguza mwendo kwa sababu ya shimo, mwanga unafifia wakati huohuo anapouhitaji. Huku ni jirani na Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, na si kila kinachovuka barabara usiku ni mbuzi. Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, inataka taa zifanye kazi, lakini askari hayupo kila penye giza.

NANI ALIPE?

Swali hili linazua ugomvi kuliko lolote la ufundi. Pikipiki nyingi za bodaboda ziko kwenye mkataba: dereva anampelekea bosi hesabu ya kila siku au ya wiki, na baada ya muda waliokubaliana pikipiki inakuwa yake. Bosi anasema matengenezo madogo ni ya dereva, na betri ni jambo dogo. Dereva anasema pikipiki alipewa ikiwa tayari imechoka, na betri ikifa hesabu haisubiri.

Matokeo yake kila upande unanunua kilicho rahisi. Dereva ananunua betri ya bei ya chini ili amalize wiki. Bosi haoni haja ya kulipia kazi ya kusafisha nyaya ambayo haionekani. Mwisho wa mkataba dereva anakabidhiwa pikipiki ambayo gharama zake halisi zinaanza siku hiyo.

Kwa maoni yangu, bosi anapaswa kubeba koili, rektifaya na nyaya, kwa sababu hivyo ni sehemu ya pikipiki yenyewe. Dereva abebe betri na mapambo yake. Na iandikwe. Mikataba mingi ya vijiweni inataja kiasi cha hesabu kwa tarakimu na maneno, lakini haina hata mstari mmoja kuhusu matengenezo.

BETRI MFU

Kila betri iliyobadilishwa bila sababu inaacha mwili wake. Ndani mna madini ya risasi na asidi. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama, na wanaoumia zaidi ni watoto. Asidi kumwagwa nyuma ya gereji, mahali watoto wanapochezea, si jambo dogo. Betri irudishwe nzima kwa muuzaji au mnunuzi wa betri chakavu mwenye kibali, isipasuliwe nyumbani.

KINACHOWEZEKANA

Ufundi huu hauhitaji kuletwa kutoka mbali. Chuo cha VETA kipo Mikumi, na VETA ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi wa watu waliojifunzia kazini: fundi anapimwa anachokijua, anajaziwa anachokosa, anapewa cheti. Halmashauri nazo zinatenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya makundi, 4 kati ya hizo zikiwa za vijana. Kikundi cha mafundi watano wa Kilangali kinaweza kuomba mita, pula, chaja ya betri yenye kidhibiti na siku chache za mafunzo. Maombi hayo ni madogo mno ukilinganisha na yanayowasilishwa kila mwaka.

Wenye pikipiki wasisubiri hayo. Masika yakiisha, fungueni soketi zikaushwe. Mnapopeleka pikipiki kwa fundi, ombeni namba mbili, ya injini ikiwa imezimwa na ya injini ikinguruma, na mzisome wenyewe kwenye mita. Fundi asiyeweza kuwaonyesha namba hizo, msimpe pesa ya betri.